Mshahara wa Mtoto Haumkingi Mzazi: Jinsi Bima ya SHA Inavyofanya Kazi kwa Wazee

Katika mabaraza ya wadi na kwenye foleni za hospitali zetu, kuna maneno yanayosikika mara kwa mara kutoka kwa wazee: "Mimi niko kwa SHA, mwanangu anakatwa kule kazini." Mara nyingi mzee anayesema hivyo hana bima inayoweza kumlaza hospitalini. Mwanawe anakatwa kweli, kila mwezi bila kukosa. Lakini makato hayo yanamlipia mwana mwenyewe, mwenzi wake na watoto wao. Baba na mama waliobaki nyumbani hawamo.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi bima ya afya ya serikali inavyomhudumia mkazi mwenye umri mkubwa. Katiba yetu inamtambua kuwa mzee mtu aliyefikisha miaka 60, na Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa serikali. Makala haya yanawahusu pia watoto na wajukuu, kwa kuwa ndio wanaoshika simu, wanaosoma jumbe na wanaokwenda kupanga foleni.

Mzee ni kaya yake mwenyewe

Hazina ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, haipo tena. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliiondoa na kuweka mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wote tunaiita SHA. Mpango huo ulianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Kadi ya zamani ya NHIF, hata kama umeitunza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho, haina kazi hospitalini leo. Aliyekuwa mwanachama wa NHIF alitakiwa kujisajili upya.

Nchini Kenya hakuna bima ya serikali iliyotengwa kwa ajili ya wazee pekee. Mzee anaingia katika mpango uleule wa kila Mkenya, na mpango huo unahesabu watu kwa kaya. Kaya kwa maana ya SHA ni mchangiaji, mwenzi wake wa ndoa na watoto wao wanaowategemea. Hapa ndipo penye utata, kwa sababu kaya ya SHA si boma kama tunavyolijua. Katika boma moja la Ganze au Magarini unaweza kumkuta babu, nyanya, vijana wawili waliooa, wake zao na wajukuu, wote wakipika kwenye jiko moja. Kwa hesabu ya SHA, hizo ni kaya tatu. Babu na nyanya ni kaya moja inayojisimamia, na kila kijana aliyeoa ni kaya nyingine.

Kwa hiyo mtoto anayetaka mzazi wake awe na bima ana mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuhakikisha mzazi amesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. La pili ni kulipa mchango wa mzazi, mbali na ule anaokatwa kwenye mshahara. Hakuna sheria inayomzuia mtoto kumlipia mzazi. Anachohitaji ni kulipa kwa namba ya kitambulisho cha mzazi, ili fedha ziingie kwenye jina sahihi.

Mjane naye aangalie jambo hili kwa makini. Mama aliyekuwa amesajiliwa chini ya jina la mumewe, mume akifariki, anapaswa kuhakikisha yeye sasa ndiye mchangiaji. Vilevile aliyestaafu. Wakati wa kazi, asilimia 2.75 ya mshahara wake wote ilikatwa kabla haujamfikia. Siku mshahara unapokoma, makato nayo yanakoma, na hakuna anayempigia simu kumkumbusha. Anatakiwa ajitokeze mwenyewe, atathminiwe na aanze kulipa kama asiye na ajira rasmi.

Kusajiliwa ni hatua moja, kulipa ni nyingine

Chukua mfano wa mzee wa miaka 72 anayeishi Ganze, mkulima mwenye minazi na mikorosho michache. Alijisajili mara tu SHA ilipoanza, kwa msaada wa mjukuu. Tangu hapo amekwenda zahanati ya karibu mara kadhaa kwa sababu ya presha. Amepimwa, amepewa dawa, hakutozwa kitu. Kwake yeye, bima inafanya kazi. Kisha siku moja anateleza na kuvunjika nyonga. Anakimbizwa hospitali kubwa, na pale dirishani jamaa zake wanaambiwa kwamba mzee amesajiliwa, lakini mchango wake haujalipwa.

Mzee huyu ni wa kubuni, lakini mkanganyiko wake ni wa kila siku. Unatokana na jinsi fedha za SHA zilivyogawanywa katika hazina tatu.

Hazina ya kwanza ni ya afya ya msingi. Inatokana na kodi, na inalipia huduma katika zahanati, ambazo ni ngazi ya 2, na vituo vya afya, ambavyo ni ngazi ya 3. Huku mkazi anatakiwa awe amesajiliwa tu. Hata kama hajalipa shilingi moja, anahudumiwa. Ndiyo maana mzee wetu alipata dawa za presha bila kulipa.

Hazina ya pili ndiyo bima yenyewe. Inalipia kulazwa, upasuaji, kusafisha damu kwa wenye maradhi ya figo, matibabu ya saratani na huduma nyingine za hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6. Hii inamhudumia aliyelipa mchango. Hazina ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu na mahututi, na kazi yake kubwa ni kuendelea kumlipia mgonjwa pale kiwango cha hazina ya pili kinapokwisha. Nayo pia inamtaka mtu awe na mchango uliolipwa, isipokuwa kwenye dharura. Kuhusu dharura, Kifungu cha 43 cha Katiba kiko wazi: mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura. Mzee akifikishwa hospitalini akiwa hali mahututi, ahudumiwe kwanza, maswali ya malipo yaje baadaye.

Ni kiasi gani?

Kwa asiye na ajira rasmi, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya kama yalivyotathminiwa, na hauwezi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi. Kaya ikionekana kuwa na mapato ya Sh10,000 kwa mwezi, hesabu inatoa Sh275, kwa hiyo italipa kile kiwango cha chini cha Sh300. Ikiwa ni Sh20,000, mchango ni Sh550. Lakini kumbuka kwamba asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo na mapema. Kwa wengi wa wazee wetu, Sh300 kwa mwezi ni Sh3,600 zinazotakiwa siku moja.

Hiyo ni fedha nyingi kwa mtu anayeuza nazi na makuti. Hata hivyo, ipime na upande wa pili. Katika viwango vilivyochapishwa mwaka 2024, SHA inailipa hospitali ya ngazi ya 4 Sh3,360 kwa kila siku mgonjwa anayolazwa. Kwa ngazi ya 5 ni Sh3,920 na kwa ngazi ya 6 ni Sh4,480. Yaani mchango wa chini wa mwaka mzima, kwa mume na mke pamoja, unakaribiana na gharama ya siku moja ya kitanda. Kikao kimoja cha kusafisha damu kiliwekwa Sh10,650. Matibabu ya saratani yaliwekewa Sh400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka hazina ya bima, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya maradhi sugu. Viwango hivi hubadilishwa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, kwa hiyo ulizia dirisha la SHA hospitalini kabla ya kupanga matibabu makubwa.

Kwa familia yenye msimu wa mavuno, ushauri wetu ni huu: mchango wa wazee utolewe korosho au maembe yanapouzwa, kabla fedha hazijapata kazi nyingine. Familia nyingine zimegawana, huyu mtoto analipa mwaka huu, yule mwaka ujao. Wapo pia wanaoweka Sh300 za kila mwezi kwenye chama. Mwaka 2025 SHA ilianzisha mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambao unamkopesha mchangiaji mchango wa mwaka kisha anarejesha kidogo kidogo. Unaufaa zaidi mtu mwenye kipato cha uhakika. Mzee asiye na chochote kinachoingia asiwekewe mkopo kwa jina lake na mtu ambaye hatakuwepo siku ya kurejesha.

Kiwango cha mchango hutokana na maswali ya tathmini, yanayojibiwa kwa simu au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Yanahusu mahali unapoishi: paa ni la makuti au la mabati, sakafu ni ya udongo au ya saruji, maji mnateka wapi, choo ni cha namna gani, mnapika kwa kuni au kwa gesi. Jibu ukweli. Ila uelewe pia kwamba nyumba nzuri aliyokujengea mtoto inaweza kukufanya uonekane una kipato ambacho huna. Ukipewa kiwango usichoweza kukilipa, nenda ofisi ya SHA na kitambulisho chako uombe tathmini iangaliwe upya. Wanaokwenda ni wachache, wengi hukata tamaa tu na kuacha kulipa kabisa.

Posho ya Inua Jamii si bima

Wazee wa miaka 70 na zaidi walio katika mpango wa Inua Jamii hupokea Sh2,000 kwa mwezi kutoka serikali ya kitaifa. Posho hiyo ni ya matumizi ya nyumbani. Kuipokea hakumaanishi kwamba mchango wako wa SHA umelipwa. Wazee wengi wanachanganya mambo haya mawili, na wana sababu. Enzi za NHIF palikuwa na mpango wa serikali uliowalipia bima baadhi ya wazee na watu wenye ulemavu, na kadi zile zilikwisha pamoja na NHIF yenyewe. Mzee anayelipa mchango wa chini kutoka kwenye posho anahitaji karibu posho ya miezi miwili ili kukamilisha mwaka.

Je, serikali haiwalipii wasiojiweza? Sheria inasema iwalipie. Mwezi Oktoba 2025 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kuwalipia michango watu waliotambuliwa kuwa hawana uwezo. Zipo kaunti zilizowahi kutangulia kwa njia zao: katika mpango wa Makueni ulioanza mwaka 2016, kaya ililipa Sh500 kwa mwaka, na wenye miaka 65 na zaidi hawakutozwa ada hiyo. Lakini kulipiwa na serikali kunategemea jina lako kuwa kwenye orodha, na orodha inatokana na ile tathmini. Mzee ambaye hajasajiliwa na hajatathminiwa haonekani, hata awe maskini kiasi gani. Usisubiri kuambiwa. Piga *147# kwa simu yoyote, hata kabambe, au nenda na kitambulisho kwenye dirisha la SHA katika kituo chochote cha afya, uulize kama mchango wako umelipwa na umelipwa hadi lini. Swali "nimesajiliwa?" halitoshi.

Anzia zahanati

Maradhi mengi ya uzeeni ni ya muda mrefu: presha, kisukari, maumivu ya viungo, vidonda visivyopona upesi. Haya hayahitaji hospitali kubwa kila mwezi. Yanahitaji kupimwa mara kwa mara na dawa zisizokatika. SHA imepanga hivyo pia, kwa sababu matibabu ya kutibiwa na kurudi nyumbani yanalipiwa hasa kwenye zahanati na vituo vya afya. Mzee anayepanda matatu hadi hospitali kubwa kwa ajili ya kupima presha anaweza kutumia nauli, akapanga foleni ndefu, kisha akaambiwa alipe mwenyewe kwa huduma ambayo jirani na nyumbani angeipata bure. Akianzia zahanati na ikaonekana anahitaji zaidi, ataandikiwa rufaa. Karatasi hiyo itunzwe.

Ukweli usemwe: "bure" maana yake hutozwi, si kwamba rafu ya dawa imejaa. Kuna siku dawa ya presha haipo zahanati na mgonjwa anaelekezwa duka la dawa. Likitokea, mwombe mhudumu aandike jina la dawa iliyokosekana na uulize itafika lini. Usiache kumeza dawa wiki tatu kwa kungoja. Presha haina subira, na kiharusi kinagharimu kuliko vidonge vya mwezi.

Tusimsahau mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023 wahudumu hawa wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Kwa mzee asiyeweza kutembea mbali, huyu ndiye mlango wa kwanza. Kama humjui wa kijiji chako, muulize mzee wa mtaa au naibu wa chifu.

Kidole kisichosomeka

SHA sasa inamtambua mgonjwa kwa alama za vidole, si kwa kadi. Kwa vijana si shida. Kwa mama aliyesuka makuti miaka 50, au mgema aliyepanda minazi tangu ujana, ncha za vidole zimelainika hadi mashine haioni kitu. Mzee asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Ajaribu vidole vingine baada ya kunawa na kupangusa mikono, na ikishindikana, aliyemsindikiza amwombe mhudumu wa dirisha atumie njia nyingine ya utambulisho. Kitambulisho cha taifa kiwe mkononi. Kilichopotea kitafutwe upya sasa, kabla ya ugonjwa.

Angalieni pia namba ya simu iliyosajiliwa. Wazee wengi walisajiliwa kwa namba ya mjukuu, naye mjukuu akahamia Mombasa au Nairobi, au akabadilisha laini. Jumbe za SHA zinakwenda huko. Rekebisheni namba hiyo iwe ya mtu anayeishi na mzee.

Na kidole chenyewe kilindwe. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya kudai malipo ya SHA kwa udanganyifu. Akitokea mtu na mashine kijijini au kwenye kambi ya matibabu akimtaka mzee aweke kidole, mzee ana haki ya kuuliza: ni kwa huduma gani, na mimi nimehudumiwa nini? Usajili wa SHA haulipiwi, kwa hiyo anayetaka "mia mbili ya fomu" ni tapeli. Na hakuna mtu wa SHA anayehitaji namba yako ya siri ya M-Pesa.

Ukikwama, uende kwa nani?

Tangu mwaka 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. SHA iko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo ukinyimwa huduma, ukakosa dawa au ukahudumiwa vibaya, mlalamikie msimamizi wa kituo, kisha afisi ya afya ya kaunti ndogo. Ikiwa tatizo ni malipo yaliyotumwa yasionekane, tathmini iliyozidi au jina lililokosewa, hilo ni la ofisi ya SHA, na meza ya SHA iliyo katika Huduma Centre inaweza kulipokea. Ukichanganya milango hii miwili utazungushwa siku nzima.

Beba kitambulisho cha mzee, ujumbe wa malipo ukiwa bado kwenye simu, na karatasi yoyote uliyopewa hospitalini. Hospitali ya kibinafsi au ya kanisa ikikubali kumlaza mzazi wako kwa SHA, uliza kabla hajavuliwa nguo kama kuna nyongeza utakayodaiwa siku ya kuruhusiwa, ni kiasi gani, na uombe waiandike.